Miaka 14 ya Kufundisha Taswira Nisiyoiona

"Taswira ni picha inayojengeka akilini mwa msomaji au msikilizaji kutokana na maneno aliyoyateua msanii." Sentensi hii nimeiandika ubaoni kila mwaka tangu nilipoanza kufundisha fasihi ya Kiswahili, na baada ya kuiandika nimekuwa nikiwageukia wanafunzi wangu wa kidato cha 3 na kuwaambia wafumbe macho. Hebu vuteni picha, huwaambia. Ni magharibi, dau linarejea pwani, tanga limeshushwa nusu, na watu wawili wameteremka majini kulipokea. Sasa niambieni mnaona nini. Wanafunzi hawakupata kuniangusha hata mara moja. Huyu huona tanga lenye kiraka cheupe, yule huona baharia aliyejifunga kikoi chekundu, mwingine huona mbwa mchangani, ilhali mimi sikutaja kiraka, wala kikoi, wala mbwa. Nami niliwasifu kwa ubunifu wao, nikiamini kwamba wameulizwa na mwalimu, basi wametafuta la kumjibu.

Nilikuwa nikifumba macho pamoja nao, na sikuona kitu. Wala sikutarajia kuona kitu, na hapo ndipo penye jambo lenyewe ninalotaka kulieleza. Kwangu neno "kuona" katika zoezi lile lilikuwa na maana ile ile liliyo nayo neno "kuvunjika" tunaposema kwamba moyo wa mtu umevunjika, kwani hakuna anayekwenda kuokota vipande kifuani. Lugha yetu imejaa misemo ya namna hiyo: sura yake hainitoki machoni, namwona vile vile alivyokuwa, nikifumba macho tu namwona amesimama pale mlangoni. Misemo yote hiyo niliitia katika kapu moja, kapu la tamathali za usemi, nikalifunga. Nilikuwa mtu mzima mwenye shahada ya lugha, na kwa miaka 14 nilifundisha kwa ujasiri kamili habari za kitu ambacho sikujua kuwa kipo.

Aliyelifungua kapu lile ni mdogo wangu wa kike, naye hakukusudia. Yeye kazi yake ni kuwapaka hina na piko maharusi, na Pemba nzima, kuanzia Wete mpaka Mkoani, watu humwita na kumsubiri. Miaka mitatu iliyopita tulikuwa Wete kwa harusi ya binti wa jamaa yetu, na usiku wa hina nilikaa karibu naye nikimkatia ndimu. Alikuwa ameushika mkono wa bi harusi, mkono mtupu uliooshwa na kukaushwa, na akawa anautazama kwa muda mrefu pasi na kuugusa. Nilidhani amechoka.

"Unangojea nini?" nikamuuliza.

"Nautazama, dada. Ua la kiganjani limekaa vizuri, lakini hili linalopanda kidole cha shahada silipendi, nataka kuligeuza."

Mkono ulikuwa haujaguswa hata kwa tone moja. Nikacheka, nikamwambia aache mzaha, watu wana usingizi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni majimaji.

"Unaliona wapi hilo ua?"

"Hapa, juu ya mkono. Si kama ninavyokuona wewe ulivyokaa hapo, lakini naliona. Kwani wewe huoni?"

Chumba kizima kikaingia katika mazungumzo, na hina ikacheleweshwa kwa karibu saa nzima, jambo ambalo mama wa bi harusi hajanisamehe hadi leo. Bi harusi akasema kwamba yeye akifikiria nyumba ya kwao huiona, ila huiona kama televisheni yenye chenga, inakuja na kupotea. Mama yetu mdogo akasema yeye huona na harufu juu yake. Msichana mmoja aliyekuwa akisaidia kusinga liwa akasema huona kwa rangi hafifu, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Walikuwa wakisimuliana kwa utulivu wa watu wanaozungumzia bei ya samaki, na kila mmoja alikuwa na kiwango chake, na hakukuwa na mtu hata mmoja, isipokuwa mimi, aliyesema kwamba haoni kabisa. Niliposema hivyo walinyamaza, kisha mama mdogo akaniuliza kwa huruma kama nimewahi kuanguka kichwa nilipokuwa mtoto.

Sikupata kuanguka kichwa. Niliporudi Unguja nilianza kusoma, na nikakuta kwamba hali hii ina jina, nalo ni changa kuliko baadhi ya wanafunzi wangu. Mwaka 2015 Adam Zeman, daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu katika Chuo Kikuu cha Exeter nchini Uingereza, pamoja na wenzake wawili, walichapisha maelezo ya watu 21 ambao tangu utotoni hawakuwa na uwezo wa kuona picha akilini, nao wakaiita hali hiyo afantasia, kutokana na neno "phantasia" ambalo Aristotle alilitumia kwa uwezo huo wa nafsi. Watu hao walijitokeza wenyewe. Miaka mitano kabla yake, yaani mwaka 2010, Zeman na wenzake walikuwa wameandika habari za mkaguzi wa majengo mstaafu mwenye umri wa miaka ya 60, ambaye baada ya kutibiwa mishipa ya moyo alishtukia picha zote za akilini zimemtoka, ingawa bado aliweza kujibu sawasawa maswali kuhusu maumbo na rangi za vitu. Kisa hicho kikasimuliwa katika gazeti la sayansi la Marekani, na wasomaji wakaanza kumwandikia daktari: mzee huyu amepoteza kitu ambacho sisi hatujapata kuwa nacho.

Habari ya yule mzee kujibu maswali bila ya kuona ilinifanya nikae chini, kwa kuwa watu wote wanaonihoji tangu usiku ule wa hina huanzia hapo hapo. Kama huoni, wanasema, unajuaje? Ukiniuliza karafuu iliyo tayari kuchumwa ina rangi gani, nitakwambia kwamba kijani chake kimeanza kuingia wekundu, na kwamba ikikaa juani jamvini siku chache itakuwa kahawia nzito. Nitakwambia vilevile kwamba jani la mkarafuu linang'aa upande wa juu. Nimekulia chini ya mikarafuu na kuchambua makonyo mpaka vidole vikanuka wiki nzima. Ninayajua hayo yote, ila elimu hiyo hainijii kwa umbo la mkarafuu. Inakuja kama anavyokuja mtu gizani ambaye humwoni lakini unajua ni nani na amesimama wapi.

Nilikutana pia na Francis Galton, Mwingereza ambaye mwaka 1880 alichapisha matokeo ya udadisi wake juu ya jambo hili. Aliwaomba watu waifikirie meza waliyokaa kufungua kinywa asubuhi ile, kisha waeleze picha inayowajia ina mwanga kiasi gani, iko wazi kiasi gani na rangi zake zikoje. Alianza na marafiki zake wanasayansi, akashangaa kuona kwamba wengi wao walimjibu kuwa hawajui anazungumzia nini. Mmojawapo alimwandikia kwamba kuiita kumbukumbu yake "picha" anayoitazama kwa "jicho la akili" ni tamathali ya usemi tu. Niliposoma hapo nilisimama nikazunguka sebule. Mtu aliyeishi zaidi ya miaka 100 kabla yangu, katika nchi ya baridi nisiyoijua, alikuwa amelitia neno lile lile katika kapu lile lile.

Kuna dodoso linalotumiwa na watafiti kupima uwazi wa picha za akilini, lililotungwa na David Marks mwaka 1973. Lina vipengele 16, kila kimoja kina alama kutoka 1 mpaka 5, na kwa namna linavyohesabiwa mara nyingi siku hizi, alama ya juu ni 80 na ya chini ni 16. Unatakiwa kumfikiria jamaa au rafiki unayemwona mara kwa mara, jua linalochomoza, duka unalolizoea, na mwisho mandhari yenye miti, milima na ziwa. (Ziwa sijapata kuliona hata kwa macho haya ya usoni, lakini sikuona sababu ya kulalamika.) Jibu la mwisho katika kila swali ni kwamba hakuna picha yoyote, unajua tu kwamba unakifikiria kitu hicho. Nilipata 16. Mdogo wangu nilimsomea kwa simu nikimfasiria, akapata 78, na alama mbili alizozikosa alizikosa kwa sababu ya ziwa.

Watafiti wanakadiria kwamba mtu takriban 1 katika kila 100 haoni kabisa, na ukiwaongeza wale ambao picha zao ni hafifu mno hesabu inakaribia 4 katika 100. Walio upande wa mdogo wangu, ambao picha zao hukaribia kuona hasa, nao wana jina, yaani haipafantasia. Zeman na wengine wamesisitiza kwamba hii si maradhi, ni tofauti baina ya watu, na kwamba hutokea zaidi katika baadhi ya familia. Kwetu imegawanyika sivyo: mmoja kapewa zote.

Nilipopata jina nilianza kurudi nyuma, nikiyapitia maisha yangu kama mtu anayepekua sanduku la zamani. Nilikumbuka chuoni, tulipokuwa tukihifadhi Juzuu Amma. Ustadhi wetu alikuwa na mazoea ya kumwambia mwanafunzi aliyekwama afumbe macho autazame ukurasa, atafute aya iko upande gani, juu au chini, kulia au kushoto. Wenzangu walifumba macho, na wengine kweli walikuwa wakisogeza vichwa kama wanaofuata mstari, kisha wakaendelea kusoma. Nami nilifumba macho kwa adabu, nikangoja sauti. Mimi nilihifadhi kwa sikio: aya iliyotangulia huivuta inayofuata kwa mwisho wake, na nikikatizwa katikati nilikuwa lazima nirudi mwanzo wa sura, jambo lililomkera ustadhi na kunipatia fimbo chache. Kwa bahati sauti ninazo. Wapo wenye afantasia ambao hawana hata sauti, wala ladha, wala harufu za kukumbuka, lakini mimi nikitaka kusikia kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ikitangulia wimbo wa taarabu ndani ya kichwa changu naisikia, na nikitaka kumsikia marehemu mama akiita kutoka uani namsikia vilevile.

Nilikumbuka pia mwaka 1995, nilipokuwa na miaka kumi, hofu ya popobawa, shetani aliyesemekana kuwavamia watu usiku majumbani, ilipoenea Pemba na baadaye ikavuka kuja Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, wakakoka moto, na wakubwa walisimuliana mambo ambayo watoto hatukupaswa kuyasikia lakini tuliyasikia. Mdogo wangu alikuwa akitetemeka mpaka jamvi likitikisika, akisema analiona bawa lake juu ya paa. Mimi nililala fofofo, na kwa hilo nilisifiwa ushujaa nisiostahiki. Sasa nasoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, huko Sydney, katika utafiti uliotoka mwaka 2021, waliwaweka watu katika chumba chenye giza wakasoma hadithi za kutisha huku jasho la ngozi likipimwa. Wenye kuona picha, ngozi zao ziliitika kadiri hadithi ilivyozidi kutisha, na wenye afantasia ngozi zao zilikaa vile vile. Lakini walipoonyeshwa picha halisi za kutisha, makundi yote mawili yaliitika. Hofu tunayo, kinachokosekana ni daraja lililoko baina ya maneno na ngozi. Paka alipotua ghafla juu ya bati usiku mmoja wa mwaka ule, nilikuwa wa kwanza kukimbia.

Jambo ambalo watu hawaliamini ni kwamba sipotei njia. Wanadhani asiyeona picha hawezi kukumbuka mahali, na wanataka nikwame katika vichochoro vya Mji Mkongwe kama mgeni aliyeshuka botini jana. Natoka Darajani, napita Mkunazini, natokea Shangani bila ya kuuliza mtu, na usiku umeme ukikatika mimi ndiye ninayetumwa kwenda kuleta mshumaa. Mahali ninapajua kwa mwili, kwa kugeuka na kunyooka. Siku moja mimi na mdogo wangu tuliamua kuchora, kila mmoja kwenye karatasi yake, nyumba ya Wete tuliyozaliwa, kabla haijaongezwa vyumba. Yeye alichora milango yenye nakshi, mitungi ya maji, mbalamwezi, kuku watatu na mpapai. Mimi nilichora mistari, na ndani ya mistari nikaandika maneno: kinu hapa, kitanda cha bibi hapa, jiko hapa. Tulipompelekea mjomba, ambaye ndiye aliyeijenga, akasema ramani yangu ni sahihi hata kwa hatua, na ya mdogo wangu ni nzuri mno, isipokuwa mpapai ulikuwa wa jirani na dirisha lile halikuwapo. Baadaye nikakuta kwamba utafiti wa Wilma Bainbridge na wenzake, uliochapishwa mwaka 2021, ulifanya karibu jambo hilo hilo. Watu walionyeshwa picha za vyumba, kisha wakavichora kwa kumbukumbu, na wenye afantasia walichora vitu vichache zaidi na kutumia rangi kidogo, wakategemea zaidi maneno, ila vitu vyao vilikaa mahali pake sawasawa na vya wengine, na hawakutia vitu ambavyo havikuwapo kwa wingi walioutia wenzao. Karatasi niliyomwonyesha mjomba nimeihifadhi.

Hata wachoraji wakubwa wamo. Glen Keane, aliyekuwa mmoja wa wachoraji mashuhuri wa filamu za katuni wa Disney, hana picha akilini, na Ed Catmull, mmoja wa waasisi wa Pixar, hana pia. Nilimwambia mdogo wangu hayo ili nijitetee, akaniambia kwamba basi huenda nami naweza kupaka hina. Tulijaribu. Tusilizungumze.

Kanga za mama nazikumbuka zote, ila nazikumbuka kwa majina. Ile ya "Wema hauozi" aliivaa siku niliyopokea matokeo, ile ya "Mgeni njoo mwenyeji apone" aliitandika wageni wakija. Rangi zake nazijua kwa kuambiwa au kwa kuwa nilijisemea wakati ule, kwa maneno, kwamba hii ni ya zambarau. Kama sikujisemea, rangi imekwenda. Mdogo wangu akizikumbuka kanga hizo hizo huona pindo na mji, na mara nyingi hakumbuki maandishi yalisema nini. Baina yetu tuna kanga nzima.

Mama alifariki mwaka 2019. Msiba ulikuwa Wete, na kwa siku zile za matanga mdogo wangu hakuweza kuingia jikoni, kwa kuwa kila alipokaribia mlango alimwona mama amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na alikuwa akilia mpaka akashikwa. Mimi niliingia jikoni nikakuna nazi. Niliosha sufuria, nikapokea wageni, nikahesabu vikombe vya kahawa na kuvirudisha kwa majirani. Mama mdogo, ambaye nampenda na ananipenda, aliniambia mbele ya watu kwamba moyo wangu umekuwa mkavu kwa kukaa sana mjini. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu nilianza kuamini kwamba amesema kweli. Nilijaribu usiku kumlilia mama kwa namna waliyokuwa wakilia wengine, nikafumba macho, nikaita sura yake. Weusi tu. Nilijua ana kidoti chini ya jicho, nilijua meno yake ya mbele yana mwanya, ningeweza kuandika ukurasa mzima kumweleza polisi, ila yeye mwenyewe hakuja.

Kilio changu kilikuja baada ya miezi miwili, Unguja, nilipokuwa dukani nikanunua vocha ya simu ya shilingi 1,000 kwa mazoea, kwa kuwa ilikuwa saa kumi za jioni na saa kumi nilikuwa nikimpigia yeye. Nilisimama na vocha mkononi. Nilimsikia akisema "Haya, niambie," kama alivyokuwa akipokea simu siku zote, na muuza duka akanitolea kiti.

Ndotoni namwona. Hili limewashangaza hata wale wanaonielewa, nami lilinishangaza mpaka nilipokuta kwamba wengi wenye afantasia huota kwa picha kama watu wengine. Yaelekea njia inayoleta picha usingizini si ile inayofuata amri ya mtu aliye macho. Mara moja au mbili kwa mwaka mama hunijia ndotoni na uso wake wote, na kidoti na mwanya, na huwa najua hata ndani ya ndoto kwamba namwona. Kisha naamka, na kabla sijafungua macho vizuri uso umeondoka, nabaki na habari kwamba nimeuona. Picha zake za kamera karibu hatuna, kwa kuwa hakupenda kupigwa. Ipo ile ya kitambulisho cha Mzanzibari, amekunja uso kwa sababu aliambiwa asicheke. Mimi nikiitazama naona mama. Mdogo wangu huigeuza juu chini akasema huyu siye.

Nilikuwa nikimwonea wivu, na siku moja nikamwambia hivyo. Nilidhani atanifariji. Akanyamaza, kisha akaniambia kwamba kwa mwaka mzima baada ya msiba hakumwona mama wa jikoni wala mama wa harusini, bali alimwona mama wa usiku ule wa mwisho, hospitalini, na mpira wa oksijeni puani na mdomo uliokauka. Picha hiyo ilimjia bila ya kuitwa, akiwa anapaka hina, akiwa anasali, akiwa anamnyonyesha mtoto, na ilikuwa na kila kitu, hata nambari ya kitanda. Mimi nilikuwapo usiku ule, nimekaa upande wa pili wa kitanda hicho hicho, na yote hayo nayajua. Sijapata kuyaona tena hata mara moja.

"Ingekuwa kinagaiwa, dada," akaniambia, "ningekugaia hiki kimoja."

Darasani nimebadilisha kidogo. Ile fasili naiandika bado, kwa kuwa mtihani unaitaka, na mwanafunzi anaweza kupata alama zote za swali la taswira bila ya kuona lolote, kama nilivyozipata mimi zamani. Mtihani unapima maneno. Lakini nimeacha kuuliza mnaona nini. Nauliza maneno haya yamekufanyia nini, na nimeanza kulitilia uzito jambo ambalo vitabu vyetu vilikuwa vikilisema siku zote nami nikilipita haraka, kwamba ipo taswira ya kusikia, ya kugusa, ya kunusa. Hapo kwenye kusikia ndipo nilipokuwa nikiishi mimi. Nimeelewa kwa nini nilipenda tenzi tangu utotoni na kurukia kurasa za riwaya zinazoeleza mandhari. Utenzi huimbwa, na kina kinapoanguka mahali pake mwili wangu hujua, ilhali maelezo marefu ya bonde na jua kuchwa yalikuwa kwangu kama orodha ya vifaa. Mwaka huu niliwapa wanafunzi vipande vya karatasi visivyo na majina nikawaomba waandike kwa ukweli wanachopata wakivuta picha ya lile dau langu. Wawili waliandika kwamba hawaoni kitu. Mmoja naujua mwandiko wake, ni mtani. Wa pili hati yake siijui, na aliandika kwa penseli, na chini yake akaandika tena, "kwani wengine wanaona?"

Siku hizi mdogo wangu hunipigia kila Ijumaa baada ya sala, saa ambayo hana maharusi, akanipa kitu kimoja cha mama. Namwomba kimoja tu, kwa sababu viwili huchanganyika. Nina daftari la kurasa 96 nililolinunua Darajani, na kila kitu nakiandika kwa maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe. Tumefika ukurasa wa 31. Nimeandikiwa jinsi alivyokuwa akishika sindano, jinsi kisigino chake kimoja kilivyopasuka zaidi ya kingine, jinsi alivyokuwa akiufunga mtandio akitoka na akiufunga akiwa nyumbani. Ijumaa iliyopita alisema kwamba mama akicheka aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio, kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia kila mara ulikuwa na upawa au mwiko. La mtandio nilikuwa nalijua. La mkono wa kushoto nilikuwa silijui, na nimeliandika.